Kiporo cha Jana, Mlo Mpya wa Leo: Wali, Ugali, Chapati na Maharage

Kiporo huharibika usiku, si asubuhi. Ukifunua sufuria alfajiri ukakuta wali una utelezi au maharage yametoa povu, kosa lilishafanyika saa tatu usiku, pale chakula kilipofunikwa kikiwa cha moto na kuachwa jikoni. Ndiyo maana kabla ya mapishi yenyewe naanza na namna ya kulaza chakula. Hakuna kitunguu wala pilipili itakayookoa chakula kilicholazwa vibaya.

Kulaza chakula

Bakteria huzaliana haraka chakula kinapokuwa na joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kikipashwa kifike angalau nyuzi 70 hadi katikati. Usiku wa Dar es Salaam au Mombasa hewa yenyewe inaweza kubaki juu ya nyuzi 25, kwa hiyo sufuria kubwa iliyofunikwa huwa bado vuguvugu katikati hata baada ya saa nyingi. Kazi yako ni kukipitisha chakula kwenye uvuguvugu huo upesi.

Wali, pilau na makande yaliyokauka: vitandaze kwenye sinia pana, unene usizidi sentimita 3, ufunike kwa kitambaa chepesi au kawa ili nzi wasitue. Baada ya nusu saa tia kwenye chombo chenye mfuniko, kisha friji. Mchuzi, maharage na supu: weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi yanayofika nusu ya kimo chake, koroga kila baada ya dakika chache, na yakipata joto yabadilishe. Kama ni vingi, gawanya kwenye bakuli ndogo mbili tatu. Bakuli ndogo hupoa mapema kuliko sufuria moja iliyojaa.

Hotpoti si mahali pa kulazia chakula. Ni chombo kizuri sana cha kupeleka chakula mezani, au cha kumsubirisha mtu anayechelewa saa moja hivi. Ukiuacha wali humo usiku kucha, joto hushuka polepole mno na chakula hukaa kwenye uvuguvugu hadi asubuhi. Vivyo hivyo ile ndoo ya pilau inayotoka kwenye shughuli: ukifika nayo nyumbani, imwage kwenye masinia usiku uleule.

Wali unahitaji uangalifu wa peke yake. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, na mbegu hizo huhimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje na joto, zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu ya kutapisha. Ukiukaanga asubuhi unaua bakteria, lakini sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Wali uliolala nje kwenye joto la pwani mwagia mbali, hata kama haunuki. Uliolala kwenye friji utumie siku inayofuata. Vyakula vingine vilivyopikwa vikae siku tatu, nne zikizidi sana. Kwa vyote, pasha kiasi utakachokila tu, na usirudishe mabaki ya kiporo kwenye friji mara ya pili.

Kama huna friji, pika kwa kipimo. Vya kulala salama hadi asubuhi ni vile vikavu: chapati, mkate na maandazi, vikifunikwa kwa kitambaa safi mahali penye hewa. Kingine chochote chenye tui la nazi, maziwa, mayai au samaki kiishe usiku huohuo. Kuchemsha maharage usiku kabla ya kulala na tena alfajiri husaidia kama hali ya hewa ni ya baridi, kwa mfano Arusha au Limuru mwezi Julai, lakini pwani usikitegemee. Na umeme ukikatika, friji isiyofunguliwafunguliwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa nne hivi. Kabla hazijapita, tumia kwanza nyama, samaki na vyakula vya nazi. Zikipita, vitupe.

Wali

Wali wa kukaanga unataka wali baridi. Wali ukitoka tu motoni, punje zina unyevu mwingi juu yake na ukizitia kwenye mafuta zinagandana. Ukipoa kwenye friji, wanga hukaza, punje zinaachana, na unaweza kuzigeuza kwa mwiko bila kuziponda.

Kwa watu wawili au watatu: vikombe 3 vya wali, vijiko 2 vya chakula vya mafuta, kitunguu maji 1, punje 2 za kitunguu saumu, karoti 1 iliyokatwa vipande vidogo, nusu ya hoho, mayai 2. Lowesha vidole na uvunje mabonge ya wali ungali baridi, kabla haujaingia kwenye kikaango. Ukingoja kuyavunja kwa mwiko motoni utaishia kuponda. Bandika kikaango kipana, mafuta yapate moto hasa, vuruga mayai mpaka yashike kidogo kisha yatoe pembeni. Tia kitunguu, halafu karoti kwa dakika 2, kisha hoho na kitunguu saumu. Mwaga wali, utandaze, na uuache sekunde 30 bila kugusa. Geuza, tandaza, acha tena. Huko kuacha ndiko kunakoipa wali ladha ya kukaangwa. Anayekoroga mfululizo anapata wali wa moto tu. Dakika 5 mvuke utapanda kutoka kila upande. Rudisha mayai, onja, ndipo utie chumvi. Wali ulikuwa na chumvi tangu jana, na viungo vya pakiti pia vina chumvi nyingi, kwa hiyo anayetia mwanzoni huwa amezidisha.

Kinachoharibu mara nyingi ni kikaango kidogo kilichojaa: wali unatokota kwa mvuke wake badala ya kukaangika. Kaanga kwa awamu mbili. Kingine ni nyanya mbichi juu ya wali. Ukitaka nyanya, zipike na kitunguu mpaka mafuta yatengane, maji yaishe, ndipo utie wali.

Wali wa nazi una mafuta yake. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, na moto uwe wa wastani kwa kuwa nazi hushika chini na kuungua mapema. Pilau kiporo mimi siikaangi. Inapoteza harufu na nyama inakauka. Ipashe kwa mvuke: kwa kila vikombe 2 nyunyiza vijiko 3 vya maji, funika kwa mfuniko unaobana, moto mdogo kabisa, dakika 8 hadi 10. Vipande vikubwa vya nyama na viazi vikate kwanza, maana punje huwa za moto wakati katikati ya kiazi bado pana baridi. Kachumbari mpya yenye ndimu ndiyo inayoifanya ionekane imepikwa leo.

Halafu kuna vitumbua, matumizi ninayoyapenda kuliko yote kwa wali mweupe usio na vitunguu wala viungo. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku. Asubuhi uchuje, uusage kwenye blenda pamoja na nusu kikombe cha wali kiporo, kikombe 1 cha tui zito, nusu kikombe cha sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira na iliki nusu kijiko. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chenga. Wali uliopikwa hufanya uji ushikane na kitumbua kiwe laini ndani hata kikipoa. Ukizidisha, ukatia kikombe kizima au zaidi, ndani kinabaki kama kibichi, kinanata kwenye meno. Uache uji mahali penye joto dakika 45 hadi saa moja, uumuke na utoe vipovu. Usiukoroge tena. Choma kwa kijiko kimoja kidogo cha mafuta kila tundu, moto mdogo, na ugeuze kingo zikishajiachia zenyewe. Kitumbua kinachong'ang'ania kwenye kikaango kwa kawaida ni kwa sababu mafuta hayakupata moto kabla ya kumimina.

Ugali

Ugali mgumu wa sembe ndio bora kwa kukaanga. Wa dona una pumba, kwa hiyo vipande hukatika kingo. Wa muhogo hunata na kuvutika, uache.

Usiku, kabla haujapoa kabisa, usawazishe ugali uliobaki kwenye sahani au bakuli bapa, unene wa sentimita 2 hivi, ufunike, kisha friji. Asubuhi utakuwa umeshikana na utakatika vizuri kwa kisu kilicholoweshwa. Kata vipande vya unene wa sentimita 1, upana wa vidole viwili. Vifute unyevu kwa kitambaa safi. Mafuta yawe na kina cha milimita 3 hadi 4 kwenye kikaango, yapate moto kiasi kwamba chembe ya ugali ukiitupia inachemka papo hapo. Panga vipande bila kugusana, dakika 4 au 5 kila upande, usiguse kabla gamba halijashika. Vikivunjika, uligeuza mapema au ugali ulikuwa laini. Vikinywa mafuta, mafuta yalikuwa ya uvuguvugu, au ulirundika vipande vingi yakapoa. Nyunyiza chumvi na pilipili ya unga vikitoka tu. Kwa chai ya rangi vinatosha. Kwa chakula cha mchana weka na mchuzi wa nyanya, mtindi au mabaki ya sukuma wiki.

Ugali laini uliobaki usiulazimishe kuwa vipande. Uvunjevunje kwa mkono mpaka uwe kama chenga, kaanga kitunguu kimoja na nyanya 2 mpaka zikauke, mimina chenga vikombe 2, geuza dakika 5 mpaka zianze kupata rangi, kisha vunja mayai 2 juu yake na ukoroge mpaka yashike. Mboga za majani zilizobaki jana zikatekate, uzikamue maji, uzitie kabla ya mayai. Usipozikamua chakula chote kinakuwa rojo.

Chapati na mkate

Friji hukausha chapati na mkate. Wanga wa ngano hukaza upesi zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani. Chapati za kuliwa kesho zifungwe kwa kitambaa ndani ya chombo chenye mfuniko, nje. Za kukaa wiki zende frizani, kila moja ikitenganishwa na nailoni. Kuipasha: kikaango kikavu, moto wa wastani, pangusia matone ya maji kwa vidole, funika sekunde 30, geuza. Mafuta usiongeze.

Chapati iliyokauka ndiyo hasa inayofaa kikomando, kile chakula cha vijana wa Kampala ambacho Nairobi wana ndugu yake, chapo madondo. Kata chapati 2 vipande vya sentimita 3. Chemsha kikombe 1 na nusu cha maharage yenye mchuzi mpaka yatokote kweli, ndipo utie chapati, geuza mara mbili tatu, epua ndani ya dakika 2. Ukizitia kwenye maharage baridi na kuvipasha pamoja, chapati inanyonya mchuzi wote kabla ya kupata moto na unabaki na rojorojo isiyo chapati wala maharage. Tia juu vipande vya parachichi, na kachumbari.

Rolex ya Uganda nayo inaokoa chapati moja iliyobaki peke yake. Piga mayai 2 na kitunguu na kabeji iliyokatwa nyembamba sana na chumvi kidogo. Mimina kwenye kikaango chenye mafuta, mayai yatandae upana wa chapati. Juu yakiwa bado mabichi, laza chapati na uibonyeze. Subiri sekunde 20, geuza vyote pamoja, chapati ipate moto, panga vipande vya nyanya mbichi upande wa mayai, kunja. Siri ni kuweka chapati kabla mayai hayajakauka. Yakikauka hayatashika na utakuwa na kimanda kinachoteleza ndani ya chapati.

Slesi za boflo zilizokauka zigawe namna mbili. Zilizokauka kiasi chovya kwenye mayai 2 yaliyopigwa na nusu kikombe cha maziwa, sukari kijiko kimoja, chembe za iliki, ukaange kwa moto mdogo. Zilizokauka kabisa zitwange ziwe chenga, uzihifadhi kwenye chupa kavu. Zitahitajika kwenye katlesi hapa chini.

Maharage na makande

Maharage yakilala huwa mazito na ladha yake hukolea, kwa hiyo mara nyingi siku ya pili ni matamu zaidi. Lakini ndiyo pia yanayochacha upesi, hasa yakiungwa kwa nazi. Kama unajua yatabaki, toa sehemu ya kesho kabla ya kutia tui, uilaze ikiwa imechemshwa na chumvi tu. Utaiunga upya kesho kwa namna unayotaka. Dalili za kuchacha ni povu dogo bila moto, harufu ya ukali, na mchuzi unaovutika kwenye mwiko. Ukiona moja tu kati ya hizo, mwaga. Magadi na kitunguu saumu havirekebishi chakula kilichochacha, vinaficha harufu tu.

Supu ya haraka: vikombe 2 vya maharage, ponda nusu yake kwa mwiko, ongeza vikombe 2 vya maji ya moto, karoti na kiazi vilivyokatwa vidogo, chemsha dakika 15. Pembeni kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia na nusu kijiko cha bizari nyembamba, umimine juu. Maji yawe ya moto ili supu irudi kuchemka upesi.

Makande, au githeri kwa wa Kenya, yakibaki makavu kaanga kitunguu na nyanya, tia karoti na kabeji iliyokatwakatwa, kisha makande na robo kikombe cha maji, funika dakika 10. Hakikisha mahindi yalishaiva jana. Ngozi ya hindi gumu haitalainika kwa kukaangwa, afadhali uyarudishe yachemke kwanza kwa nusu saa.

Viazi, chipsi, nyama na samaki

Viazi vilivyochemshwa vikalala baridi ni bora kwa kachori na katlesi kuliko vya leo, kwa kuwa vimetoa unyevu. Kwa nusu kilo ponda na chumvi, ndimu moja, pilipili mbuzi na kitunguu saumu, finyanga madonge, chovya kwenye uji mzito wa unga wa ngano wenye bizari ya manjano, kaanga kwa mafuta mengi ya moto. Kachori inayopasuka motoni imefinyangwa na viazi vyenye maji au uji wake ulikuwa mwepesi. Ukitaka katlesi, changanya viazi hivyo na kikombe 1 cha nyama kiporo iliyochambuliwa na kukaushwa mchuzi, bapisha, chovya kwenye yai, kisha kwenye zile chenga za mkate. Vilaze kwenye friji nusu saa kabla ya kukaanga, vitashikana.

Chipsi za jana zege, yaani chipsi mayai, linazifaa kabisa: zipashe kwenye kikaango kwa mafuta kidogo mpaka kingo zikaze, kisha mimina mayai 3, geuza kwa kufunikia sahani.

Mchuzi wa nyama ukiganda kwenye friji, mafuta hupanda juu na kuwa gamba. Yakwangue, uyatumie kukaangia kitunguu cha mlo wa leo. Yana viungo vyote vya jana. Nyama yenyewe imeshalainika, kwa hiyo itie mwishoni, itokote dakika chache na iwe ya moto hadi ndani. Nyama choma ni tofauti. Ama ikate nyembamba kukatisha nyuzi zake na uikaange haraka na kitunguu na hoho, dakika 4 hadi 5, ama uichemshe kwa moto mdogo dakika 40 na zaidi mpaka ilainike. Anayeichemsha dakika 15 anaitoa ikiwa ngumu kuliko alivyoitia.

Samaki wa kukaanga aliyelala kwenye friji anafaa sana kwa nazi. Pika kitunguu, nyanya 2, kitunguu saumu na bizari, tia kikombe 1 na nusu cha tui jepesi, likichemka panga samaki, dakika 5, kisha nusu kikombe cha tui zito na ndimu. Kuanzia hapo usikoroge, tikisa sufuria tu, na moto upungue, maana tui zito likichemka kwa nguvu hukatika. Jodari, vibua na nguru wasikae nje kabisa, wabichi wala waliopikwa. Wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo haiondoki kwa kupikwa, na inaleta uso kuwa mwekundu, kuwashwa na kichwa kuuma muda mfupi baada ya kula. Samaki wa aina hiyo ukimuonja akakuchoma ulimi kama pilipili na hukutia pilipili, mteme na umwage sufuria nzima.